Kabla hujanunua mashine ya kuchomelea, igeuze usome kibati cha nyuma

Wadogo zangu, nimechoka kulirudia hili mmoja mmoja, acha niliandike. Haupiti mwezi bila kijana kuingia karakana na boksi jipya kwapani, uso umejaa furaha, mashine imeandikwa ampea 300 kwa tarakimu nyekundu kubwa, na swali ni lile lile: "Kaka, mbona kijiti kinanasa?" Nawapenda wanaouliza. Wanaonitia hofu ni wale wasiouliza, wanaopandisha kitufe mpaka mwisho na kuendelea kuchomea bawaba za watu.

Naongea na wewe unayetaka mashine ya kazi za nyumbani: geti, grili za madirisha, stendi ya tenki, meza, banda la kuku. Skwea paipu, engo na flati ndivyo vitakavyopita mikononi mwako. Aliyepata tenda ya kujenga ghala haya hayamhusu, na hela yake ni nyingine.

1. Anza na chuma, nenda kwenye umeme, mashine iwe ya mwisho.

Karibu wote mnaanza na mashine. Mnaona tangazo, mnapenda rangi, mnanunua, halafu ndipo mnatafuta cha kuchomea. Geuza. Jiulize utachomea unene gani. Kwa gaji, ile namba ya unene wa chuma chembamba, gaji 18 ni kama milimita 1.2, gaji 16 ni kama 1.5, gaji 14 ni 2, na engo ya kawaida ya stendi ya tenki ni milimita 4 au 5. Kijiti, yaani elektrodi inayoyeyuka, cha aina ya 6013 na unene wa milimita 2.5 kinaridhika na ampea 60 hadi 90. Cha 3.2 kinataka 90 hadi 130 hivi, na hicho utakigusa mara chache sana nyumbani. Kwa hiyo maisha yako yote ya geti na grili yako chini ya ampea 140. Hiyo 300 unaitakia nini? Kwenye gaji 18 ukiwa na 2.5 utahangaika kutotoboa hata kwa ampea 65. Hapo afadhali ushuke kwenye kijiti cha milimita 2.

2. Namba ya mbele ni tangazo, namba ya nyuma ni hesabu.

Kila mashine ya heshima ina kibati au stika nyuma, au chini, yenye jedwali dogo lenye herufi. Watu hulipita kama si lao. Anza na herufi nne. U1 ni volti za umeme unaoingia. I1max ni ampea nyingi kabisa inazovuta ukutani. I2 ni ampea inazotoa kwenye kijiti, na U2 ni volti zinazoandamana nazo kwenye arki, ule mwako kati ya kijiti na chuma. Kwa mashine za vijiti U2 haikisiwi, ina kanuni yake: 20, ongeza ampea mara 0.04. Ampea 100 zinakwenda na volti 24, ampea 250 zinakwenda na volti 30.

Sasa chukua ile mashine ya duka fulani niliyoletewa juzi. Mbele 250. Nyuma U1 ni 230 na I1max ni 25. Zidisha: 230 mara 25 ni 5,750. Huo ndio uwezo wote unaoingia, hata kama hakuna kinachopotea kwa joto, na kinapotea. Kinachodaiwa kutoka ni 250 mara 30, yaani wati 7,500. Mashine inatoa nyingi kuliko inazokula! Hakuna fundi wala mhandisi wa kutengeneza kitu hicho. Kijana aliyeileta alikaa kimya, akatoa simu, akarudia kuzidisha mwenyewe, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo mashine yake hasa ni ya ngapi. Tukaipima kwa klempu mita, ile ya kubana waya, kwenye waya wa holda, yaani kishikio cha kijiti: kitufe kikiwa mwisho ilikuwa inatoa ampea 130 na kidogo. Nikamwambia asihuzunike, 130 zinamtosha kwa geti lake, ila amelipa bei ya 250. Ukikuta kibati hakina jedwali kabisa, rudisha kwenye rafu.

3. Herufi X.

Hii ni asilimia ya muda wa kuchoma ndani ya dakika 10, joto la hewa likiwa nyuzi 40. X 60% kwenye ampea 120 maana yake unachoma dakika 6, unapumzisha 4. Kazi ya nyumbani ni ya kutaki (kushikiza kwa vidoa vya weldi), kupima pembe mraba, kugeuza, kukata, kurudi tena, kwa hivyo hata 40% inakutosha. Ila mjue kwamba chini ya bati, mchana wa Januari hapa Dar, mashine huzima mapema kuliko kibati kinavyosema. Taa ya njano ikiwaka, usizime swichi. Iache iwake feni ipoze.

4. Umeme wako.

Hapa kaeni mnisikilize, maana somo hili nililipia mimi, na nusura alilipie mtu asiyehusika.

Nilipoacha usaidia fundi na kuanza kujitegemea, nilinunua mashine kama hizo mnazoniletea, imeandikwa 300. Niliamini kubwa ndiyo salama. Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa geti la mabawa mawili huko Kimara, kwa mama mmoja mjane aliyekuwa anajenga kidogo kidogo, tofali kwa tofali. Geti zito: fremu ya skwea ya inchi mbili, bati uso mzima. Geti lenyewe nililichomea kwa bosi wangu wa zamani, kwa mashine yake nzito ya kusuka, yaani ya transfoma iliyosukwa na mafundi, likatoka vizuri. Kosa lilikuja siku ya kufunga bawaba kwenye nguzo.

Nyumba iko juu mlimani, geti liko chini barabarani. Nikavuta ekstensheni ya kuazima, mita 50, waya mwembamba wa milimita mraba 1, na nusu yake nikaiacha imezungushwa kwenye gurudumu. Ilikuwa jioni, mtaa mzima umewasha taa, pasi na majiko. Kijiti cha 3.2 kikanasa. Nikaongeza kitufe, kikanasa tena. Nikaongeza mpaka mwisho, pale palipoandikwa 300, na moyoni nikasema sasa nachoma kwa 300. Arki ilikuwa ya uvivu, inazimika na kuwaka, weldi ikakaa juu ya bawaba kama uji ulioganda kwenye bakuli, mgongo umeinuka, kingo zimejikunja badala ya kulala. Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilijua. Mkono unajua chuma kinapoyeyuka na kinapokataa. Lakini giza lilikuwa linaingia, mama amekwisha tuletea chai, msaidizi wangu anataka kuwahi gari. Nikapitisha grainda nikalainisha, nikapaka redi oksaidi, weldi mbaya ikawa nzuri machoni. Mama akashukuru, akanilipa yote, akaniombea na dua.

Baada ya wiki chache akanipigia. "Baba, njoo uone geti." Hakufoka, na afadhali angefoka. Bawa la kulia lilikuwa chini. Liling'oka asubuhi mlinzi alipolifungua, na yeye akaruka. Kiti chake cha plastiki kilikuwa vipande vipande chini ya fremu. Wajukuu wa yule mama walikuwa wakibembea kwenye bawa hilo hilo jioni, kama watoto wote wanavyobembea kwenye mageti.

Nikainama kwenye nguzo, pale bawaba ilipokuwa. Nilitegemea kuona chuma kilichoraruka. Hakukuwa na mraruko wowote. Uso wa nguzo ulikuwa mzima, na ule utando wa bluu-nyeusi ambao bomba hutoka nao kiwandani bado upo pale pale chini ya weldi, umebadilika rangi kidogo pembeni tu. Nikaokota bawaba, nikaigeuza: weldi yote imeng'ang'ania bawaba, chini yake laini, ina alama ya nguzo. Upande wa nguzo haikuingia hata nywele moja. Nilikuwa nimemfungia mama yule kilo nyingi za chuma kwa rangi.

Nililifunga upya kwa gharama zangu, lakini kabla ya hapo nilimwomba fundi mmoja mzee wa mtaa wa Gerezani aje, kwa sababu sikuiamini tena mikono yangu. Hakusema mengi. Alitoa mita, akapima soketi ya ndani: 208. Akateremka mpaka mwisho wa ekstensheni, mashine imewashwa lakini haichomi: 208 vile vile. Nikapumua, nikaona umeme hauna kosa. Akasema, "Washa arki, mwanangu." Nikawasha, yeye kashika ncha za mita. Ikashuka mpaka 165, ikacheza hapo, ikagusa 160. Akanionyesha kioo cha mita bila kusema neno, kisha akaenda kuishika ile ekstensheni kwenye gurudumu. Ilikuwa ya moto kiasi cha kulainika.

Hesabu yake naitoa kwa kila kijana. Waya wa shaba wa milimita mraba 1, mita 50 kwenda na 50 kurudi, una ukinzani wa kama ohm 1.8. Ukivuta ampea 20, volti 36 zinabaki njiani zikipasha waya joto. Ongeza na kushuka kwa umeme wa mtaa wenyewe. Mashine inabaki kutafuta ampea ambazo haijapewa, na kitufe hakiumbi umeme.

Basi, kabla ya kununua chochote: azima mita, washa birika na pasi kwenye soketi utakayotumia, pima saa mbili usiku. Kupima kitu kisicho na mzigo hakukuambii lolote. Ukikuta chini ya 200, tafuta mashine ambayo karatasi yake inasema inafanya kazi mpaka 160 au 170, na uwe tayari kuchoma asubuhi.

5. Plagi na waya.

Plagi zetu za pini tatu za mraba zina fyuzi ya ampea 13. Hata kijiti cha 2.5 kinaweza kuvuta zaidi ya hapo wakati arki inawaka. Fyuzi inavumilia kwa kuwa unachoma vipande vipande, lakini plagi inapata joto na soketi inageuka rangi. Mwite fundi umeme mwenye leseni akuwekee laini yake peke yake kutoka kwenye bodi, waya wa milimita mraba 4 na breka yake. Msifunge karatasi ya sigara kwenye fyuzi. Nimeshaona.

Ekstensheni iwe ya milimita mraba 2.5 angalau, fupi kadiri inavyowezekana, na itandazwe yote chini, isibaki kwenye gurudumu. Na uikwaruze ncha ya waya kwa kisu kabla hujalipa: nyingi ni alumini iliyopakwa shaba juu, ukikwaruza ndani panatokea weupe. Mtihani huo huo ufanyie waya wa holda na wa eathi, ule unaobana chuma unachochomea, unaokuja na mashine. Mara nyingi ni wa mita moja na nusu na ni mweupe ndani. Badilisha uweke shaba ya milimita mraba 16. Utashangaa mashine ile ile inavyobadilika. Klempu ya eathi ishike chuma kilichosafishwa, si rangi, si kutu, na si mguu wa meza.

6. Inveta au ya kusuka?

Mafundi wa Gerezani, na wa Kamukunji kule Nairobi, wanasuka transfoma zinazoishi kuliko waliozisuka. Nimefundishwa juu ya mashine hizo na naziheshimu. Zikiungua, mtu anafungua, anasuka upya koili, kazi inaendelea. Lakini ni nzito, zinavuta umeme mpaka taa za jirani zinafifia, na nyingi zinatoa umeme wa kwenda na kurudi, AC, ambao mwanafunzi anapata tabu kuushikisha. Inveta inachukua umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, inaugeuza kuwa makumi ya maelfu, ndiyo maana transfoma iliyo ndani yake inatosha kiganjani na wewe unaibeba begani. Inatoa DC, umeme wa upande mmoja, arki imetulia. Kwa nyumbani, kwa anayeanza, nunua inveta ya vijiti yenye ampea 140 hadi 160 za kweli. Sina shaka na hili.

Adui wa inveta ni vumbi la grainda. Kuna kijana wangu mmoja, mikono mizuri kuliko wote niliowafundisha, aliweka mashine yake mpya chini ya meza anayograindia, kwa kuwa ilikuwa inapendeza pale, haimzuii miguu. Feni inavuta hewa, na hewa ile ina unga wa chuma. Unga ukalala juu ya bodi, unyevu wa masika ukaja, siku moja akawasha swichi ikalia kama fataki. Tulipoifungua, ndani palikuwa na manyoya ya kijivu, ukisogeza sumaku yanasimama. Alilia, na nilimwacha alie, maana aliinunua kwa hela ya kibarua cha zege. Mashine ikae mita kadhaa mbali, cheche zisielekezwe kwake, na kila baada ya muda ipulizwe kwa hewa kavu ikiwa imechomolewa.

7. "Kaka, si bora MIG?"

MIG, mashine ya waya na gesi, ni tamu. Unabonyeza, waya unatoka, hata mgeni anatoa mstari unaopendeza siku ya kwanza, na kwa gaji 18 inashinda kijiti. Lakini uliza mtungi wa gesi utajazwa wapi na kwa bei gani, na uangalie kama unachomea ndani au uani, maana upepo kidogo tu unapeperusha gesi na weldi inatoka na matundu. Kuna waya usiohitaji gesi, unga wake uko ndani. Huo unafaa nje, ila bei yake si ya vijiti, na polariti, yaani chanya na hasi, inabidi igeuzwe, bunduki inayotoa waya iende kwenye hasi. Wengi hawageuzi, wanalaumu waya. Kijiti kinapatikana kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi, mpaka vijijini. Anza nacho.

8. Macho na mapafu havina spea.

Helmeti ya kujitia giza, namba 10 au 11, inunue siku ile ile unayonunua mashine, kutoka bajeti ile ile. Ukipigwa na arki utalala vizuri, saa nane usiku utaamka na mchanga machoni. Viazi na maziwa mnavyowekeana havitibu. Nenda hospitali. Bomba la gavanaizi kwaruza zinki mpaka chuma cheusi kionekane, kaa upande upepo unakotoka: moshi ule mweupe unaleta homa jioni, na maziwa hayauzuii.

9. Vijiti vya pwani vinakunywa unyevu.

Pakiti ikifunguliwa, weka kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Kijiti kinachotema mate na kuacha vitundu kianike juani kwenye bati la moto kabla hujailaumu mashine.

10. Dukani.

Nenda Kariakoo asubuhi, usiende Jumamosi mchana. Beba kipande chako cha flati cha milimita 4, kipande cha skwea gaji 16, na vijiti vyako vya 2.5. Muuzaji atakwambia, "Bosi, hii inachoma mpaka reli." Mwache amalize. Igeuze mashine, soma kibati, piga hesabu kwenye simu mbele yake. Kisha omba kuchoma. Choma vijiti vitatu mfululizo kwa ampea 80, kila kimoja karibu dakika nzima, sikiliza kama arki inafifia kuelekea mwisho, gusa plagi za nyaya zinapoingia kwenye mashine: vuguvugu sawa, zikikuunguza hapana. Jaribu kugusisha kijiti na kukinyanyua, kiwake bila kupigana nawe. Halafu chomea ile skwea juu ya flati upande mmoja tu, ipige nyundo mpaka iachie, uangalie. Kama flati imetoka na uso mzima, weldi imebandikwa. Kama imechimbika, imeingia.

Duka lisiloruhusu kujaribu, mshukuru muuzaji, toka. La pili liko mlango wa jirani. Risiti iandikwe namba ya mashine, na boksi usilitupe mpaka muda wa dhamana uishe.